Tumbo Tajiri la Farasi wa Gombo

Nyumba yangu ina dirisha moja, nalo halimtazami jirani yeyote. Tegua.

Ni hema letu la sufi. Dirisha lake liko juu, utosini, pale moshi unapotokea na jua linapoingia. Nilizaliwa chini ya dirisha la namna hiyo, nikaolewa chini yake, nikazaa chini yake. Kwa hiyo mwanangu Togtokh alipokuja kutuambia kwamba nyumba aliyotutafutia mjini ina madirisha matatu, yote yakitazama barabara, nilimuuliza hiyo barabara inafanya nini cha kutazamwa hivyo.

Akasema, “Mama, usianze.”

Sikuanza. Niliendelea kukamua.

Togtokh si mtoto mbaya. Anaendesha lori, ana mke mwenye duka la dawa, na kila kiangazi hutuletea mjukuu wetu Solongo, unga, na betri za redio. Majira ya baridi yaliyopita barafu ilifunika majani yote, na mifugo ikafa imesimama, ng'ombe na kondoo, mpaka tukawa tunawasukuma ili wakubali kuanguka. Togtokh alipofika na kuona mizoga, aliamua kwamba sisi wawili hatuwezi kuachwa huku baridi nyingine. Farasi waliobaki watauzwa, hema litakunjwa, na sisi tutahamia mjini kabla theluji haijaanza. Aliyasema haya kwa upole, akiwa ameshika bakuli la chai kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

Baba yake, Gombo, alimjibu kwa kunyamaza. Hivyo ndivyo mume wangu anavyobishana. Alinyamaza chai ya asubuhi, akanyamaza nyama ya mchana, akaenda kuwatazama farasi akiwa amenyamaza. Aliporudi alisema neno moja: mwanafarasi wa kijivu, yule wa miaka miwili, atakimbia kwenye sikukuu ya wilaya. Akiingia katika watano wa kwanza, hatuhami. Asipoingia, tunahama.

Togtokh akafikiri kidogo, akakubali. Wakashikana mikono. Mimi hakuna aliyeniuliza, lakini nilikuwapo na mikono yangu nilikuwa nayo.

Sasa inafaa mjue jambo hili. Gombo ni mfungaji, yaani mtu wa kuandaa farasi wa mbio. Kazi hiyo kwetu tunaiita kufunga kwa sababu sehemu yake kubwa ni hiyo: unamfunga farasi kwenye kamba, unampimia majani na maji, unamkimbiza akiwa amefunikwa mpaka atoe jasho, unalikwangua jasho lile kwa kibao, unalionja. Likiwa la chumvi, bado. Likiwa kama maji, yuko tayari. Gombo ameonja majasho maisha yake yote, na katika maisha yake yote hajawahi kutoa farasi aliyeingia katika watano. Wa sita amewahi kumtoa, tena zaidi ya mara moja. Lakini wanaosifiwa ni watano. Wa sita ni sawa na aliyebaki nyumbani, tofauti yake ni kwamba amechoka.

Ndiyo maana Togtokh alikubali haraka.

Tulihamia uwanjani siku chache kabla, hema dogo juu ya lori, farasi wakifuata nyuma na Gombo. Uwanja ni uwanda tu ulio chini ya kilima, kando ya mto. Siku nyingine zote za mwaka ni wa panya na tai. Siku zile ulijaa mahema, pikipiki, watoto waliovaa majoho mapya na kukatazwa kukaa chini, na moshi wa mafuta ya kondoo. Jirani yetu Dugar alikuwa amekwisha kupiga hema mahali pazuri kuliko pote, maana yeye hufika mapema, na farasi wake hufika mapema, na hata mvi zilimfikia mapema. Alileta wanafarasi wawili wa miaka miwili. Alikuja kutusalimia, akanusa tumbaku ya Gombo kama desturi, akamsifia, kisha akamzunguka mwanafarasi wetu taratibu.

“Gombo ndugu yangu,” akasema, “huyu mbuzi wako amekua vizuri.”

Mimi nikamwambia Dugar kwamba ni kweli, tumemlea pamoja na mbuzi, ila wale mbuzi walituomba tumtoe kwa sababu alikuwa anawaacha mbali. Dugar akacheka, akala mikate yangu miwili ya nyama, akaenda. Si mtu mbaya naye. Ana kofia tu, na kiburi chake hukaa humo.

Solongo ndiye angempanda mwanafarasi. Ana miaka minane, na uzito wake ni wa kondoo aliyelowa. Tangu aanze kusema tunategana vitendawili, na mwaka huo alikuwa amekuja na kimoja cha kwake: ana miguu sita, lakini anatembea kwa minne. Nilijifanya sijui. Nikasema labda ni kaka yake Dugar akitoka kunywa. Akasema, “Bibi, ni farasi na mtu juu yake, na usimseme kaka yake Dugar.” Mtoto mwenye adabu kuliko mimi.

Asubuhi ya mbio za miaka miwili Togtokh aliamka kabla yetu. Hili lilipaswa kututia shaka, lakini watu wa mjini huamka ovyo. Alitoka nje, akamkuta mwanafarasi wa kijivu amefungwa kwenye kamba inayopita juu kati ya nguzo mbili, kichwa kimeinuliwa, mbavu zinahesabika, akiramba umande kwenye nguzo. Baba yake alikuwa amemfunga hivyo tangu jana, kwa mahesabu. Togtokh hakujua mahesabu. Alijua alichokiona. Akamfungua, akampeleka mtoni, akamwacha anywe mpaka atakapo mwenyewe, akamlisha majani laini ya ukingoni, akamrudisha, akamfunga.

Fundo ndilo lililomsema. Gombo alitoka, akalitazama, na lilikuwa fundo la kufungia mzigo wa lori. Kisha akaweka sikio kwenye ubavu wa farasi, akapapasa tumbo, akainama akatazama kinyesi kilichokuwa chini, kijani, kibichi.

“Nani amemnywesha?”

“Mimi, baba,” alisema Togtokh. “Alikuwa ananitazama.”

“Farasi hutazama,” alisema Gombo. “Ana macho.”

Mtu mwingine angedhani Togtokh alifanya makusudi ili ashinde, na najua ndani ya mahema ya jirani walikuwapo waliodhani hivyo hivyo. Lakini mimi ndiye mama yake. Akiwa mdogo huyu alikuwa akiwapa mbwa nyama yake kisha analia kwamba ana njaa. Alisimama pale, na uso ulikuwa ule ule. Akasema basi, mapatano yale yavunjwe, yeye ndiye aliyeharibu.

Gombo akakataa. Akasema farasi akikuponyoka unaweza kumfuata ukamkamata, neno likikuponyoka hulikamati popote. Walishikana mikono. Farasi atakimbia na tumbo lake alilo nalo.

Mimi nilisema tunywe chai kwanza. Tulikunywa.

Watoto walizunguka uwanja juu ya farasi wao wakiimba ule wimbo mrefu wa kuwaamsha farasi moyo, sauti nyembamba, kofia ngumu vichwani, namba mgongoni. Halafu wakaondoka kwa mwendo wa kutembea kwenda mahali pa kuanzia, mbali, nyuma ya vilima, na gari la wilaya likiwatangulia. Ndivyo mbio zetu zilivyo: wanakwenda polepole mpaka wasipoonekana, kisha sisi tunakaa tunatazama mahali wasipoonekana. Watu wengi hula wakati huo. Gombo hakula. Alikaa amechuchumaa karibu na mstari, akichora kitu mchangani kwa kidole na kukifuta. Niliitazama ile mistari; haikuwa kitu.

Nikakaa na Togtokh mtelemkoni. Nilikuwa nimeahidiwa jiko la umeme lisilotaka kuni wala samadi, unabonyeza tu. Nikajaribu kujiona nabonyeza. Nikamuuliza maziwa ya farasi yaliyochachuka watu wa mjini huyatoa wapi. Akasema yanauzwa kwenye chupa za plastiki. Sikuuliza tena.

Kuna kitu hakina miguu lakini hufika kabla ya mwenyewe. Ni vumbi. Lilianza kama uzi nyuma ya kilima cha mbali, likanenepa, na watu wote wakainuka wakiwa na mikate mikononi. Kisha chini ya vumbi vikaonekana vidoa, na mmoja alikuwa ametangulia peke yake. Sikuhitaji macho makali. Kutoka upande ule nilimsikia Dugar akikohoa, na mtu hukohoa vile akiwa na farasi wa kwanza tu.

Mwanafarasi mkubwa wa Dugar akapita mstari wa kwanza. Watu wakamkimbilia kumgusa jasho na kujipaka, na mimi nikakimbia nikajipaka, kwa sababu baraka haiulizi ya nani. Akapita wa pili, mweusi. Akapita wa tatu. Wa nne na wa tano walikuja wamebanana, mmoja akiwa na mpandaji aliyepoteza kiatu. Midomo ya Gombo ilikuwa inahesabu. Ilipofika tano ikaacha. Akasimama, akapangusa magoti, akaenda nyuma ya lori kutazama gurudumu. Gurudumu halikuwa na tatizo lolote. Nilisikia anagonga kitu kwa spana.

Basi ilikuwa imekwisha. Vuli tutakunja hema. Nilimgeukia Togtokh nimpe pongezi, maana alikuwa ameshinda na mtu akishinda hupewa, lakini alikuwa na uso wa mtu aliyemeza mfupa. Tukabaki tumesimama. Wanafarasi wengine wakawa wanaingia makundi makundi, kisha mmoja mmoja, kisha vumbi likatua, na Solongo hajaonekana.

Wakaonekana wawili. Mbele kidogo alikuwa mwanafarasi wetu wa kijivu, akienda mwendo wa mtu aliyetoka karamuni. Nyuma yake alikuwa yule mwanafarasi wa pili wa Dugar, akichechemea kwa jiwe, na juu yake mjukuu wa Dugar aitwaye Enebish. Jina lake maana yake ni Siye Huyu. Wazazi wake walipoteza watoto kabla yake, wakampa jina hilo ili balaa likija kuuliza, liambiwe siye huyu, liende zake. Mpaka sasa linamtii.

Watu waliokuwa wameanza kutawanyika wakarudi. Kwetu, katika mbio za miaka miwili, wa mwisho kabisa naye huitwa mbele ya watu akasifiwa. Tunamwita Tumbo Tajiri. Ni mdogo, hana kosa, hakuna haja ya kumvunja moyo. Lakini ni huyo mmoja tu. Aliye mbele yake hapati hata jina. Kwa hiyo mkia wa mbio hutazamwa karibu kama kichwa chake, na siku ile palikuwa na jambo la ziada: Dugar alikuwa na wa kwanza, na sasa alielekea kuwa na wa mwisho pia, jambo ambalo kofia yake isingelivumilia. Alikuwa anakimbia kando ya uwanja akimpungia Enebish mikono aharakishe. Enebish naye akampungia, akidhani anasalimiwa.

Solongo alibakiza umbali wa kutupa jiwe afike mstarini. Mwanafarasi akasimama. Akatanua miguu ya nyuma. Akaanza kukojoa.

Kwetu farasi akikojoa hapigwi, havutwi, hasemeshwi. Unangoja. Solongo alilegeza hatamu, akaweka mikono mapajani, akatazama milima. Mwanafarasi alikuwa amekunywa mto, na sasa alikuwa anaurudisha. Uwanja mzima ukanyamaza kwa heshima. Watu waliotoka wilaya nyingine walivua miwani ya jua. Mtangazaji mwenye kipaza sauti alianza kusema kitu, akaacha.

Enebish akawafikia polepole. Kwa kuwa ni mtoto aliyelelewa vizuri, hakuweza kupita watu waliosimama bila kuwasalimia.

“Mnaendeleaje?” aliuliza.

“Vizuri,” alisema Solongo. “Mifugo yenu inanenepa?”

“Inanenepa. Yenu?”

“Huyu amenenepa leo.”

Enebish akapita, akachechemea mpaka mstarini, akavuka. Dugar akakaa chini palepale alipokuwa, akavua kofia, akajipepea. Na mwanafarasi wetu alipomaliza alijitikisa, akanyanyua kichwa, akavuka mstari kwa mbio nzuri kuliko zote alizowahi kukimbia, wa mwisho kabisa katika wilaya.

Mzee Sharav, msifu farasi wetu, alikuwa amekwisha kuwasifu watano wa kwanza. Sasa akaita mwenye Tumbo Tajiri. Akaita tena. Nyuma ya lori spana ilikuwa imenyamaza. Najua mume wangu alikuwa anasikia, na najua asingetoka hata kama lori lingeondoka. Kuwa wa sita alikwisha kuzoea. Huku mkiani hajawahi kufika.

Solongo alikuwa peke yake katikati ya uwanja juu ya farasi, anatazama huku na huku. Nikamwambia Togtokh aende amshikie mtoto hatamu, farasi hasifiwi akiwa kama yatima. Akasema yeye siye mwenye farasi. Nikamwambia ndiye mwana wa mwenye farasi, na kwamba aliyelilisha tumbo hilo anaweza pia kulisindikiza. Akaenda. Alitembea ameinamisha kichwa.

Mzee Sharav akamwekea mwanafarasi mkono shingoni, akaanza kuimba kwa sauti yake ya mkwaruzo. Akaimba kwamba kosa si la huyu wa kijivu. Kosa ni la jua lililochomoza kabla hajavaa. Kosa ni la kilima kilichosogea. Kosa ni la mtoto aliyempanda, ambaye alikuwa na mazungumzo na jirani. Kosa ni la mtu fulani mwenye huruma nyingi na mto ulio karibu. Sijui nani alimwambia. Uwanda hauna kuta. Watu wakacheka, na masikio ya Togtokh yakawa mekundu mpaka ukayaona ukiwa mtelemkoni. Kisha Mzee Sharav akabadili sauti, akaimba baraka yenyewe. Mwakani kwenye uwanja huu huu, meno yake mapya yakiwa yametoka, huyu aliye mwisho awe mbele, na vumbi lake liwafunike wote waliomwacha.

Akamimina maziwa yaliyochachuka kidogo kwenye kichwa cha mwanafarasi na nyuma yake, akampa Togtokh bakuli lililobaki.

“Mwenye farasi, umepokea?”

Togtokh nilimlea mimi. Akipewa bakuli mbele ya wazee anajua la kufanya, hata usingizini. Akalipokea kwa mikono miwili, akalinywa lote, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mahema, “Nimepokea. Mwakani ataletwa.”

Uwanja wote ukaitikia iwe hivyo.

Akarudi akimwongoza mwanafarasi na Solongo juu yake. Katikati ya njia nikamwona anapunguza mwendo. Kisha akasimama kabisa, na maziwa bado kwenye masharubu. Alipotufikia aliniuliza taratibu alisema nini pale. Nikamwambia alisema ataletwa. Akauliza aletwe na nani. Nikasema hilo hakulitaja, lakini bakuli alilinywa yeye.

Gombo akatoka nyuma ya lori, mikono ina grisi. Solongo akamweleza yote kutoka juu ya farasi, hakuacha kitu, hata mkojo aliueleza vizuri. Gombo akasikiliza mpaka mwisho. Akapangusa mikono kwenye joho, kitu nilichomkataza tangu tuoane.

“Mimi nimeshindwa,” akamwambia mwanawe. “Nilisema watano. Vuli nitahamia mjini kama nilivyosema.”

Togtokh akaitikia kwa kichwa.

“Nawe umesema mbele ya wilaya nzima. Basi mimi nitakaa kwenye nyumba yako, na wewe utakaa huku umfunge farasi. Mama yako achague anakopenda.”

Hapo ndipo nilipoulizwa kwa mara ya kwanza. Nikasema nitafikiri.

Togtokh akatazama mwanafarasi. Mwanafarasi akamtazama. Akatazama milima, kisha lori, kisha mahema ambayo kila moja lilikuwa na mtu mlangoni aliyejifanya anafanya kazi. Akasema, “Baba, mimi siwezi kazi hii. Hata jasho sijui kulionja.”

“Ni kweli,” alisema Gombo.

“Na wewe mjini ungefanya nini?”

“Kuna barabara. Ningeitazama.”

Togtokh akajikuna. Huyu mtoto hakuwa mwepesi wa kurudi nyuma, lakini ana hesabu. Aliyeshinda mapatano ndiye pekee anayeweza kuyasamehe, na yeye ndiye aliyeshinda. Alivua kofia yake ya dereva, akaishika kwa mikono miwili mbele ya baba yake.

“Basi nakuomba unisaidie,” alisema. “Kazi ni yangu, nimeipokea mimi. Lakini nahitaji msaidizi. Awe huku, kwenye majani, baridi na kiangazi, mpaka mwakani. Mjini hatafaa.”

Gombo alinyamaza. Nilihesabu ndani ya kimya chake, maana nakijua, na nikajua kwamba hiki hakikuwa cha kubishana.

“Msaidizi,” alisema hatimaye, “si kazi mbaya.”

Akaweka masharti. Togtokh ataleta majani makavu kwa lori kabla theluji haijashika, na atakuja kila mwezi, si kiangazi tu, awe anajifunza, maana msaidizi anaweza kufa na kazi si yake. Togtokh akakubali yote. Wakashikana mikono tena, na safari hii nami nikaweka wa kwangu juu, maana nimeona jinsi mambo yanavyokwenda nisipouweka.

Kisha msaidizi akamtuma bosi wake akatafute kinyesi cha mwanafarasi, kile cha baada ya mbio, akilete kikiwa bado na joto, wakitazame pamoja. Bosi akaenda. Tulimwona anazunguka uwanja ameinama katikati ya sherehe, akiwapisha watu, akisalimia, na Dugar akamnyooshea kidole mahali kilipo.